Mlikaa kinyumba, sasa mwaachana: namna ya kugawana mali bila kuvunjiana vyombo

Hamali alikuwa ameshaegesha mkokoteni mlangoni. "Mama, hii friji naitoa ama naiwacha?" Mimi nimeshika mlango wa friji, Baba Zawadi, mwenzangu tunayeachana, ameshika waya wake, na majirani wa Mishomoroni, Mombasa, wametoka wote barazani kana kwamba kuna ngoma. Friji yenyewe ilikuwa ya mtumba, tuliinunua elfu kumi na mbili. Ndani mlikuwa na mkebe wa samli na vipande viwili vya papa.

Nyumba ya vyumba sita tuliyoijenga kwa miaka mitatu hakuna aliyeitaja siku ile. Wala tuktuk. Wala deni. Tulikuwa twavutana juu ya kitu tunachokiona.

Mimi ni fundi cherehani hapo Kongowea. Tangu mambo yangu yaishe, wanawake huja na kitambaa cha dera mkononi na kesi moyoni, na wanaume pia huja, japo wao husema ni ya rafiki yao. Nimeeleza haya mara nyingi hadi uzi wanipotea sindanoni. Basi nayaandika.

Anza na swali ambalo hulipendi

Je, wewe ni mke? Ni mume? Sikuulizi majirani wakuita nani. Mimi niliitwa Mama Zawadi miaka kumi na moja, na watoto wawili nilizaa, na mbele ya sheria bado sikuwa nimefika.

Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Njoo-tukae, yaani kukaa kinyumba bila kuoana, haimo. Sheria ya zamani ilikuwa na njia ya pembeni: mkikaa muda mrefu na watu wote wakawaona mke na mume, mahakama iliweza kudhania kuwa pana ndoa. Njia hiyo ipo bado, lakini imekuwa nyembamba kama kichochoro cha Mji wa Kale. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana hiyo iko kwenye kitanda cha mauti, na itumike kwa nadra, pale tu penye ushahidi mzito. Anayedai ndoa ndiye wa kuthibitisha: kwamba mlikaa muda mrefu, kwamba nyote mlikuwa huru kuoana, kwamba mlinuia kuoana na mkakubaliana, na kwamba mlijionyesha kwa watu kama mume na mke.

Kesi yenyewe ndiyo nimpayo kila anayeketi kwenye benchi langu. Watu wawili wa Nairobi walianza kukaa pamoja 1986. Nyumba ikawa kwa jina la mwanamke. Walipokosana, mwanamume ndiye aliyekwenda kudai. Mahakama ya Juu ikasema ndoa hakuna, maana yule mama alikuwa tayari ni mke wa mtu mwingine kisheria, hakuwa huru kuolewa. Ungedhani mwanamume katoka mikono mitupu. La. Mahakama ilisema mwenye jina kwenye hati alikuwa ameshika fungu la mwenzake kama amana, kwa kuwa mwenzake alitia pesa zake. Ikagawa: mama asilimia 70, bwana asilimia 30.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana kama mimi ni mke au si mke. Nikauliza swali jingine: nani alitia nini?

Ila kabla hujaiacha ndoa kabisa, kagua mambo mawili. Kwanza, mahari. Kwetu Rabai, Baba Zawadi alileta kadzama, ile pombe ya mnazi ya posa, na pesa kidogo, mengine akasema atamalizia. Sheria ya 2014 inasema pale mila inapotaka mahari, kutoa hata sehemu ndogo ya ishara kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Kwa hivyo yule mjomba wako aliyekuwapo siku ile, ambaye huwa mwamcheka kwa kunywa sana, ni shahidi wako. Mtafute angali ana kumbukumbu. Ukithibitika kuwa mke, waingia kwenye Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na hiyo inahesabu hata kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia kuwa ni mchango. Usidhani lakini kwamba ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Siku ileile ya Januari 2023, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ilisema hata wenye ndoa kila mmoja huonyesha mchango wake.

Pili, kama nyote ni Waislamu na palikuwa na wali (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi na sheikh, hata kama cheti hamkuchukua, hiyo si njoo-tukae. Nenda kwa Kadhi. Huko hesabu ni nyingine: mali ya mke ni ya mke, ya mume ni ya mume, na yapo ya mahari na matunzo ya eda. Sitaingia zaidi, si uwanja wangu.

Kusanya karatasi kabla ya kusema neno

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu hukusanya baada ya ugomvi, wakati kabati limeshafungwa kwa kufuli.

Mimi niliwahi kuwa na akili moja nzuri maishani, nayo ni kuweka risiti kwenye bati la biskuti. Miaka yote ya ujenzi: mabati, simiti, misumari, lori la mchanga, kila kitu ndani. Siku nilipolifungua ili kuhesabu, nusu ya risiti zilikuwa nyeupe pe. Zile karatasi laini za mashine za dukani hufifia, na bati lilikuwa limekaa juu ya kabati chini ya paa la mabati, joto la Mombasa mnalijua. Nilishika karatasi ya mabati thelathini na mbili, nikaigeuza kwenye jua, nikaona kivuli cha neno "mbili" tu. Kwa hivyo piga picha kila risiti siku unayoipata, uzitume kwa dada yako au kwa barua pepe yako mwenyewe.

Kilichoniokoa ni M-Pesa. Piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, omba taarifa ya muda unaoutaka. Huja kwa barua pepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungulia huja kwa ujumbe. Nilichapisha kurasa nyingi hapo saiba ya Kongowea, nikakaa na kalamu tatu. Nyekundu: pesa nilizolipa duka la ujenzi. Bluu: pesa za fundi mwashi. Kijani: pesa nilizomtumia Baba Zawadi mwenyewe na siku ya pili yake kukawa na kitu kimenunuliwa. Kijani ndiyo yenye kubishaniwa, maana atasema zilikuwa za matumizi. Kwa hivyo tafuta na ujumbe mlioandikiana. Mimi nilikuwa na mmoja unaosema "boriti zimefika nimelipa na zile zako". Maneno sita, yamenifaa kuliko shahidi anayekula kiapo.

Yeye naye alikuwa na zake. Alifanya kibarua cha mikono yake mwenyewe: alichimba msingi na ndugu zake wawili, akapiga plasta vyumba viwili. Hilo sikulipinga. Ukikana la kweli, la kweli lako nalo halitaaminiwa.

Vitu vingine vya kutafuta: makubaliano ya kiwanja, stakabadhi za kodi, jina kwenye mita ya stima, kitabu cha chama, karatasi za mkopo, logibuku ya chombo cha barabarani, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, fomu yoyote ya hospitali au kazini aliyokuandika kuwa mke. Hata programu ya mazishi ya babake iliyokutaja "mkwe", iweke. Vyote viende mahali nje ya nyumba hiyo.

Nyumba bila ardhi

Wageni wa bara hushangaa wakisikia hili, lakini sisi wa Mombasa ndivyo tulivyo. Kisauni, Likoni, Changamwe, Majengo, watu wengi wana nyumba ilhali ardhi si yao. Mwenye shamba ni mwingine, wewe umejenga juu, na kila mwezi wamlipa kodi ya kiwanja. Nyumba yaweza kuuzwa, yaweza kurithiwa, lakini hati ya ardhi huna.

Basi mkiachana, mwagawana nini? Mwagawana kilichosimama juu: kuta, bati, milango, na haki ya kuendelea kukaa hapo. Usikubali mtu akuthaminie kana kwamba ardhi imo. Wala usikubali aseme haina thamani kwa kuwa hati hakuna. Tulileta mafundi wawili, mmoja wangu mmoja wake, kila mmoja akapima peke yake. Wangu akasema laki sita na elfu themanini, wake akasema laki sita kamili. (Nadhani wangu aliniongezea kwa urafiki, nami ndiye niliyetaka kubaki nyumbani na kumlipa mwenzangu fungu lake, kwa hivyo urafiki wake ulikuwa waniumiza: bei ikipanda, fungu la kulipa nalo hupanda. Fikiria mapema ni upande gani unaokufaa.) Tukachukua katikati: 640,000. Kama mna uwezo na nyumba ni kubwa, mwite mthamini aliyesajiliwa. Kwa nyumba kama yetu ada yake ingekula mlango mzima.

Jambo la pili ni mwenye shamba. Stakabadhi za kiwanja zilikuwa kwa jina la Baba Zawadi. Kama hukumhusisha mwenye shamba, mwaweza kuandikiana mpaka kesho, mwisho wa mwezi atampa risiti yule anayemjua. Nenda kwake mapema, kwa adabu, na mzee wa mtaa. Muulize kama yuko radhi kubadilisha jina na kama anatoza kitu.

Kama ardhi yenu ina hati, njia ni nyingine. Fanya upekuzi kwenye msajili wa ardhi uone jina la nani limo na kama kuna benki imeishika. Ukihofia mwenzako atauza kabla hamjasikizana, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye maslahi kuweka zuio kwenye hati. Hilo ni la kufanya na wakili au msaidizi wa kisheria, na lifanywe haraka. Hati haingoji.

Hesabu yenyewe

Tulikaa mara tatu. Mara ya kwanza kwa shangazi yake, tukapigana mdomo. Mara ya pili ofisini kwa chifu. Chifu alitusikiliza vizuri, lakini jueni chifu hana mamlaka ya kukugawia nyumba. Ni mpatanishi tu. Mara ya tatu tulikaa na msaidizi wa kisheria, kwenye meza ya plastiki, na chai, na ndipo tulipomaliza.

Yule dada alitufanyia jambo moja la maana: aliondoa vyombo mezani. Masufuria, kitanda, televisheni, friji ile ya vita, vyote akaviandika karatasi ya pembeni. Akasema, "Hivi mtachaguana kwa zamu, kimoja kimoja. Sasa twazungumza mali." Kura ikamwangukia Baba Zawadi kuanza. Akachagua televisheni. Mimi nikachagua cherehani ya pili. Friji ilichaguliwa ya tano, na hakuna aliyepumua.

Mali zikabaki mbili. Nyumba 640,000. Tuktuk, iliyokwisha kulipiwa mkopo wake, 190,000. Jumla 830,000. Kwa kurasa zangu za rangi na kazi ya mikono yake, tukakubaliana mimi sitini kwa mia, yeye arobaini. Kwa hivyo fungu langu 498,000, lake 332,000. Tuktuk anaiendesha yeye, achukue. Nyumba nakaa na watoto, nichukue. Yeye kashapata 190,000, bado anadai 142,000.

Pesa hizo sikuwa nazo. Lakini vyumba vinne vina wapangaji, elfu tatu na mia tano kila kimoja, ni 14,000 kwa mwezi. Toa elfu moja ya kiwanja, zabaki 13,000. Nikalipa 22,000 nilizopata kwa kushona sare za shule za Januari kwa mkupuo, kisha 12,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Nyumba ikajilipia yenyewe. Nataka uone hapa: huna haja ya kuuza ili kugawana, kama kitu chazaa.

Tuktuk ilikuwa kwa jina lake, na sheria ya barabarani humhesabu mwenye jina kuwa ndiye mwenye chombo hadi ithibitishwe vinginevyo. Ingekuwa kwa jina langu, tungebadilisha kwenye mtandao wa serikali siku ileile kabla ya chai kupoa, maana ikigonga mtu, wewe mwenye jina ndiwe wa kutafutwa.

Madeni yakaandikwa pia. Mkopo wangu wa chama ulionunua cherehani ya kwanza, nikaubeba. Deni lake la simu, akalibeba. Kama mmoja alimdhamini mwenzake kwenye chama cha akiba na mikopo, msiondoke mezani bila kulisema, kwa sababu mapenzi yakiisha udhamini hauishi. Na badilisheni jina la mrithi mliloandika huko.

Watoto wasiwekwe kwenye mizani

Mwanamume mmoja aliniambia, "Nimemwachia nyumba, basi asiniombe karo." Hapana, mwanangu. Katiba, kifungu cha 53, yasema mama na baba wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Nyumba ni hesabu ya watu wazima wawili. Karo, chakula na matibabu ni hesabu nyingine, na karatasi yake ni nyingine. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu itawasaidia kuandika makubaliano ya malezi.

Ikiwa mezani hapakaliki

Kama kuna kipigo au vitisho, usiende kugawana sufuria. Toka kwanza. Sheria ya kukinga watu dhidi ya jeuri ya nyumbani ya 2015 inamlinda hata asiye na ndoa, maadamu mnakaa nyumba moja, na mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi. Namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa jeuri, hupigwa bure.

Kama hakuna jeuri ila mwenzako hataki kusikia, Mombasa kuna FIDA, shirika la mawakili wanawake, na kuna Kituo cha Sheria, wote hutoa msaada wa kisheria na wana ofisi hapa. Kesi ya nyumba au ardhi huenda mahakamani. Madai madogo ya pesa yasiyozidi milioni moja yana mahakama yake yenye mwendo wa haraka, lakini huko hawagawi ardhi. Ukifika mahakamani, uliza kama kesi yenu yaweza kupelekwa kwa mpatanishi wa mahakama. Na usiandike kwenye madai kwamba mlikuwa mke na mume tu, ukaishia hapo. Mwambie anayekuandikia aweke na njia ya pili: kwamba hata kama si ndoa, ulitia pesa na jasho, na fungu lako limeshikwa kwa amana. Ndoa ikianguka, unabaki na mguu wa kusimamia.

Andikeni, na muandike vizuri

Makubaliano yetu yalikuwa kurasa mbili za Kiswahili. Majina kamili na namba za vitambulisho, kila mali na thamani yake, nani kachukua nini, nani amdai nani, tarehe za malipo, na nini kitafanyika malipo yakichelewa. Kila mtu akatia sahihi na shahidi wake akiwepo hapo hapo, anaona kwa macho. Kwa kitu chenye kuhusu ardhi, Kenya mkataba lazima uwe wa maandishi na sahihi ishuhudiwe. Maneno ya mdomo mbele ya wazee kumi hayatoshi. Kisha tukaenda kwa wakili mjini akatugongea muhuri.

Kila mwezi nilituma 12,000 kwa M-Pesa, si mkononi, hata siku aliyokuja mwenyewe kuwaona watoto akaomba taslimu. Nilimwambia asubiri, nikaenda kwa wakala nikaweka, nikamtumia. Alikasirika kidogo. Mwezi wa kumi nilimtaka aandike kwa mkono wake, "Nimepokea zote, sidai," na tarehe.

Siku ya pili nilikwenda kwa mwenye shamba na karatasi ile na mzee wa mtaa. Alifungua daftari lake, akapiga mstari juu ya jina la zamani, akaniandikia risiti ya kiwanja kwa jina langu. Niliisoma pale pale mlangoni. Alikuwa amekosea herufi moja ya jina la babangu, na namba ya kitambulisho hakuiweka kabisa. Nikamrudishia aandike upya.